Kuku Wanaponyonyoana Manyoya

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye kuku wachache, kumi au ishirini au hamsini, ambao mayai yao ndiyo yanunuayo chumvi na sabuni ya nyumba, na pengine daftari la mtoto shuleni. Haikuandikwa kwa mwenye maelfu ya kuku, ingawa naye akiisoma haitamdhuru.

Yawezekana, ewe msomaji, umepata kuliona jambo hili. Majira ya kupanda yamefika. Jirani amekuja kulalamika kwamba kuku wako wanafukua mbegu zake za mahindi, nawe kwa kutaka amani umewafungia bandani. Siku za kwanza ni shwari. Wiki ya pili waona koo mmoja amepungukiwa na manyoya mgongoni karibu na mkia. Wiki ya tatu makoo watatu wako uchi na mayai yamepungua. Kisha asubuhi moja wafungua mlango, wamkuta mmoja amekufa, ameliwa nyuma, na wenzake wangali wakimdonoa.

Hapo watu hufanya mambo ya namna tatu. Wengine humchinja kuku aliye uchi, wakisema kwamba ana ugonjwa. Wengine hushika kisu wakawakata kuku wote midomo. Na wengine hunong'ona kwamba jirani yule aliyelalamika ana jambo lake. Wote watatu wamekosea. Kuku aliye uchi hakufanya kosa lo lote. Yeye ndiye aliyedhulumiwa. Naye mwenye kudonoa hakurogwa. Anatafuta kitu ambacho hakipo bandani. Kazi ya mfugaji ni kukijua kitu hicho na kukileta. Neno la karatasi hii ni hilo moja: kabla ya kushika kisu, likague banda.

1. JUA KWANZA MANYOYA YAMETOKAJE

Si kila kuku aliye uchi amenyonyolewa na wenzake. Mshike mkononi, umtazame kwenye mwanga, kisha linganisha na haya yafuatayo.

Kupukutisha. Kila kuku mkubwa hubadili manyoya yake, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Yeye huanza kichwani na shingoni, kisha kifuani na mgongoni, mwisho mabawa na mkia. Wakati huo hutaga kidogo au huacha kabisa, kwa maana nguvu yake yaenda kwenye manyoya mapya. Ukipapasa ngozi utakuta vijiti vidogo vinavyochomoza: hayo ndiyo manyoya mapya. Huu si ugonjwa. Mpe chakula kizuri, umwache.

Jogoo. Ikiwa manyoya yamekatika mgongoni na nyuma ya kichwa, na makoo walio hivyo ni wale wale ambao jogoo awapenda, sababu ni kupandwa mno. Jogoo mmoja awatosha makoo kumi. Wenye majogoo watatu kwa makoo kumi huwaumiza makoo bure. Punguza majogoo, na yule utakayembakiza mkate ncha za kipi zilizo kali.

Kutamia. Koo anayetamia hupungukiwa na manyoya kifuani ili ngozi yake iyaguse mayai. Huyo hana shida.

Asili. Wako kuku wenye shingo uchi tangu kuanguliwa, ambao wengi huwaita kishingo. Hao ndivyo walivyo, na katika nchi za joto hustahimili jua kuliko wengine.

Wadudu. Chawa na utitiri huwafanya kuku wajikune na kujidonoa wenyewe. Habari zao zaja mbele.

Kunyonyoana. Hii ndiyo habari yetu. Alama zake ni hizi: manyoya yametoka juu ya mkia, mgongoni, au nyuma penye mlango wa yai, mashina mengine yamevunjika, mengine yameng'olewa kabisa hata ngozi ina alama za damu, na chini bandani huoni manyoya mengi kama ulivyotazamia, kwa sababu yameliwa. Alama hiyo ya mwisho uikumbuke sana. Bandani mwa kuku wanaopukutisha, manyoya hutapakaa sakafuni. Bandani mwa kuku wanaonyonyoana, mara nyingi hayaonekani.

Lakini usithibitishe kwa alama tu. Keti kimya karibu na banda kwa muda wa nusu saa, asubuhi kuku wakiisha kula, na tena alasiri. Utaona kwa macho yako ni nani anayedonoa na ni nani anayedonolewa. Mara nyingi wenye kudonoa ni mmoja au wawili tu. Nao huwajulisha wenyewe: ndio wenye manyoya mazuri kuliko wote.

2. KUPIGANIA UKUBWA NI JAMBO JINGINE

Kuku wana wakubwa na wadogo miongoni mwao, kama watu. Mwaka wa 1922 mtaalamu wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alitoa maandiko juu ya utaratibu huu: kuku wa kwanza humdonoa ye yote, wa pili huwadonoa wote isipokuwa wa kwanza, na kuendelea hata wa mwisho ambaye hudonolewa na wote. Kudonoa huko huelekea kichwani na kwenye upanga, ni kwa ghafula, na aliyedonolewa hukimbia. Utaratibu ukiisha kujulikana, amani hurudi.

Kunyonyoana siko huko. Mwenye kunyonyoa hana hasira. Humwendea mwenzake taratibu kutoka nyuma, akashika unyoya, akauvuta, akaumeza. Hafanyi vita, anakula. Ukimwona hivyo, fahamu kwamba kumpiga au kumtisha hakutaleta faida, kwa kuwa hakuna ugomvi wa kuamua.

3. KWA NINI WAFANYA HIVYO

Kuku wetu wametokana na kuku wa mwitu wa misitu ya Asia, na desturi ya mababu zao wangali nayo. Kuku aliye huru hutumia sehemu kubwa ya mchana akichakura na kudonoa: mdudu hapa, punje pale, jani, jiwe dogo. Mdomo wake umeumbwa kwa kazi hiyo, na miguu yake pia. Ukimfungia juu ya sakafu tupu, ukampa chakula ambacho akimaliza kwa robo saa, mdomo ule hautalala. Mwaka wa 1986 mtaalamu wa Uholanzi, Harry Blokhuis, alieleza kwamba kunyonyoana ni kule kule kudonoa ardhi, ila kumegeuzwa: kuku akikosa ardhi ifaayo kuchakurwa huielekeza kazi ile kwenye manyoya ya mwenzake. Wengi waliochunguza baada yake wameona kuwa maneno hayo yana ukweli mkubwa.

Sasa waweza kujua kwa nini jambo hili huzuka wakati wa kupanda. Wakati ule kuku walipokuwa wakitembea, walijitafutia wenyewe kazi, na mchwa, na majani mabichi, na vumbi la kuogea. Ulipowafungia ulitwaa vitu hivyo vyote kwa siku moja, ukawabakizia pumba. Basi si kufungia kulikokosa, maana haki ya jirani ni lazima ilindwe. Lililokosa ni kufungia bila kulipa kile ulichokitwaa.

Sababu zijulikanazo sana ni hizi saba:

(a) Kukosa kazi, kama tulivyosema.

(b) Kusongamana. Kuku walio wengi katika nafasi ndogo hawana pa kukimbilia.

(c) Upungufu wa chakula chenye kujenga mwili. Unyoya karibu wote umefanywa kwa protini, yaani ile asili ya chakula iliyomo katika samaki, nyama, maziwa, kunde na wadudu. Kuku alishwaye pumba ya mahindi peke yake huikosa, naye huitafuta katika unyoya.

(d) Upungufu wa chumvi. Kuku wenye kukosa chumvi hupenda damu na manyoya.

(e) Mwanga mkali, hasa kwa vifaranga wenye taa kali, au banda ambamo jua huingia moja kwa moja juu ya viota.

(f) Wadudu wa ngozi, ambao huwatia kuku fadhaa na kuwatoa damu.

(g) Mageuzi ya ghafula: kuku wageni, banda jipya, chakula kipya, au kiu ya siku moja.

Kisha kuna sababu ya nane ambayo huzipita zote kwa ubaya: kuiga. Kuku mmoja akijifunza, wengine humtazama. Na damu ikionekana, hata wasiokuwa na haja hukimbilia rangi ile nyekundu. Hapa ndipo wazee waliposema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wiki ya kwanza shida hii huondoka kwa kazi ndogo. Wiki ya sita imekwisha kuwa desturi, na desturi ya kuku ni ngumu kuvunja.

4. KAZI YA SIKU YA KWANZA

Mtenge kila kuku mwenye jeraha, siku ile ile, kabla ya jua kutua. Mtie katika tenga au kizimba ambamo aweza kuwaona wenzake lakini wao hawawezi kumfikia. Akipotea kabisa machoni pao, siku ya kumrudisha watamwona mgeni. Osha jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kisha lipake ayodini. Mpe maji na chakula chema. Usimrudishe mpaka ngozi imefunga na hapana wekundu tena. Ikiwa nyama ya ndani imetoka nje penye mlango wa yai na imekwisha kudonolewa, ni huruma kumchinja mara moja.

Mtenge pia mwenye kudonoa, ikiwa umemjua. Wiki mbili peke yake, huku ukitengeneza banda, pengine zitamtuliza. Akirudi na kuanza tena, huyo ndiye wa kuchinjwa au kuuzwa kwa nyama, wala si yule aliye uchi. Watu wengi hufanya kinyume chake: hula aliyeonewa, wakambakiza mwonevu mwenye manyoya mazuri, kisha hushangaa shida inapoendelea.

Wengine hupaka shubiri au lami nyembamba kwenye manyoya kando ya jeraha ili ladha mbaya imfukuze mdonoaji. Haina ubaya, na siku mbili tatu yaweza kusaidia. Lakini ni kama kufunga kidonda bila kuutoa mwiba.

5. CHAKULA

Kuku atagaye ahitaji chakula ambacho katika sehemu 100 zake, sehemu 16 au 17 ni protini. Mahindi yana sehemu 8 au 9 tu, na pumba huzidi kidogo. Kwa hiyo mahindi na pumba, hata ukijaza debe, havitoshi. Changanya hivi kwa kupata kilo 100:

Mahindi yaliyoparazwa, kilo 45.
Pumba ya mahindi, kilo 22.
Mashudu ya alizeti, kilo 20.
Dagaa wakavu waliosagwa, kilo 10.
Chokaa ya mifugo au magamba ya konokono yaliyosagwa, kilo 3.
Chumvi, robo kilo.

Mwenye kuku kumi apime kilo moja mahali pa kila kilo kumi, nacho kitamtosha siku kadhaa. Angalia mambo manne. Ikiwa dagaa walitiwa chumvi, usiongeze chumvi nyingine, kwa kuwa chumvi nyingi huua kuku, hasa maji yakiwa haba. Dagaa wenye mchanga mwingi ni hasara. Waoshe na kuwaanika, au nunua waliokaushwa juu ya chanja. Mahindi au mashudu yaliyoota ukungu yatupe, usiwape kuku wala mnyama ye yote. Sumu ya ukungu hudhuru maini. Na soya, ukiwa nayo, ikaange au uichemshe kwanza, kwa sababu soya mbichi huzuia tumbo la kuku lisipate faida ya chakula.

Asiyeweza kununua dagaa asikate tamaa. Chukua chungu kikuukuu, kijaze samadi kavu na mabua yaliyoloweshwa maji, ukifudikize jioni juu ya njia ya mchwa. Asubuhi kifunue mbele ya kuku. Mchwa ni protini, na kuwakimbilia ni kazi. Dawa mbili kwa pamoja. Kumbikumbi wa mvua za kwanza nao wakusanye, uwaanike, uwaweke akiba kwa siku za kufungia.

Weka magamba yaliyovunjwa katika chombo cha peke yake, ili makoo watagao wazidishe wenyewe wapendavyo. Na maji yawepo mchana kutwa, safi, kivulini.

6. BANDA NA KAZI YA MCHANA

Kuku wakubwa wanne kwa kila mita moja ya mraba, wasizidi, ikiwa hawatoki nje. Ukiweza kuwazungushia ua mdogo wa mianzi au matete mbele ya banda, fanya hivyo. Hata ua wa hatua tano kwa tano ni neema kwao, na mbegu za jirani zitasalimika.

Kwa kila kuku toa shibiri moja ya fito ya kulalia, na nusu shibiri kwenye kihori cha chakula, ili mdogo naye ale pamoja na mkubwa. Kiota kimoja kwa makoo watano. Viota viwe pembeni, penye giza kidogo. Koo akiisha kutaga, nyama ya ndani hutokeza kidogo na huwa nyekundu kwa muda mfupi. Akiwa kwenye mwanga mbele ya wenzake, hapo ndipo wanapoanza kumla. Maiti nyingi za asubuhi chanzo chake ni kiota chenye mwanga, hasa kwa matembe waanzao kutaga.

Sakafu iwe na matandiko makavu yenye kina cha vidole vinne au zaidi: maranda ya seremala, makapi ya mpunga, au majani makavu yaliyokatwakatwa. Geuza kila siku, na palipolowa paondolewe. Sehemu ya nafaka usiitie kihorini. Itawanye ndani ya matandiko asubuhi na alasiri, wachakure. Funga fungu la mchicha, kabichi au majani ya kunde, ulitundike kwa kamba urefu wa kichwa cha kuku, ili walidonoe likitikisika. Boga lililopasuliwa, gunzi lenye punje chache, kichuguu kilichobomolewa, vyote ni kazi. Gharama yake ni jasho kidogo tu.

Banda litie kivuli mahali jua linapoingia kwa nguvu, lakini usizuie upepo. Joto jingi nalo huwatia kuku ukali. Vifaranga wa taa wape taa hafifu au nyekundu, na matandiko ya kuchakura tangu siku za kwanza. Kifaranga aliyejifunza mapema kwamba chakula kiko chini, si mgongoni mwa nduguye, atakuwa koo mtulivu. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote, kwa maana kuzuia kwa vifaranga ni rahisi kuliko kutibu wakubwa.

Kuku wageni usiwatupe bandani mchana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nao waliotangulia watamwonyesha kamba hiyo. Mweke mgeni mbali kwa wiki mbili kwanza, ujue kama ana ugonjwa. Kisha mweke kizimbani ambapo waonana kwa siku chache, halafu mwingize usiku wakiwa juu ya fito. Ingiza wawili au watatu pamoja, kamwe usiingize mmoja peke yake.

7. WADUDU

Chawa hukaa juu ya kuku maisha yake yote. Fungua manyoya chini ya mkia na chini ya bawa. Utawaona wakikimbia, rangi ya majani makavu, na mayai yao yameganda kwenye mashina ya manyoya. Utitiri mwekundu una hila zaidi. Mchana hujificha katika nyufa za kuta na ncha za fito. Usiku hutoka kunyonya damu. Mtu akimtazama kuku mchana asione kitu, hudhani hana wadudu. Nenda usiku na taa, utazame chini ya fito, upitishe karatasi nyeupe ufani. Ikitoka na madoa mekundu, adui umempata.

Toa fito zote, zimwagie maji yachemkayo, ziba nyufa kwa udongo, piga kuta chokaa, choma matandiko ya zamani na nyasi za viota. Weka sanduku au shimo la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu ya kuni yaliyopoa, kuku waoge vumbi. Unga wa dawa ya wadudu wa kuku umwulize Bwana Mifugo, uutumie kwa kipimo alichokupa, na urudie baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu unga huua chawa lakini mayai hubaki.

Usitumie dawa ya shambani, wala ya nzige, wala unga wa zamani usiojulikana. Katika miaka ya 1940 DDT ilisifiwa kwa wadudu wa mifugo. Baadaye ilijulikana kwamba hukaa katika mafuta ya mwili na katika mayai, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka wa 2001, ulioanza kazi mwaka wa 2004, ukaizuia isitumiwe kwa kilimo na mifugo. Yai utakalomlisha mtoto wako lisiwe na sumu uliyoitia mwenyewe.

8. JUU YA KUKATA MIDOMO

Wengi watakushauri kukata. Yafaa ujue kwamba mdomo wa kuku si ukucha. Ncha yake ina mishipa ya fahamu. Kuukata ni kumtia maumivu, na ukikatwa vibaya hataweza kula sawasawa. Tena kwa ncha ile hujisafisha chawa, na kuku waliokatwa midomo huwa na chawa wengi kuliko wasiokatwa. Norwei na Uswidi zimeikataza kazi hiyo kwa sheria, na wafugaji wao wangali wanauza mayai. Kwa mwenye kuku ishirini hakuna haja yake. Matandiko, mchwa na nafasi vitamfaa kuliko kisu.

9. KASUKU NA NDEGE WENGINE WA TUNDUNI

Pengine nyumbani kwako, au kwa ndugu yako mjini, yuko kasuku aliyejinyonyoa kifua chote. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo na Uganda ajulikana sana kwa jambo hili. Tofauti yake na kuku ni kwamba yeye hujinyonyoa mwenyewe. Ndiyo maana kichwa chake hubaki na manyoya, kwa kuwa mdomo haufiki huko. Lakini somo ni lile lile. Ndege wa makundi, mwenye akili nyingi, amewekwa peke yake katika tundu tupu na kulishwa mbegu za aina moja. Kwanza aonwe na daktari wa wanyama, maana maradhi nayo huleta hali hiyo. Kisha apewe matunda na majani, maji ya kuoga, vijiti vya kutafuna, na mtu wa kukaa naye. Wala usinunue kasuku aliyekamatwa porini: mwaka wa 2016 mataifa yalikubaliana kumweka katika orodha ya wanyama wasiouzwa nje kwa biashara, kwa jinsi walivyopungua.

10. UTAZAMIE NINI

Ukifanya haya yote, usitazamie muujiza asubuhi. Unyoya uliong'olewa wote na shina lake huanza kuota tena, na wiki kadhaa zikipita utauona. Uliovunjika, shina likabaki, hautaota mpaka kuku apukutishe. Kwa hiyo koo aweza kubaki na mgongo mbaya miezi mingi ingawa hakuna amdonoaye tena. Usimhukumu kwa sura. Tazama kama ngozi haina damu na mayai yamerudi. Akiwa nchi ya baridi, kama vile Njombe, Lushoto au Limuru, kumbuka kwamba kuku aliye uchi hula chakula kingi zaidi ili apate joto. Mzidishie, na banda lisipitishe upepo wa usiku.

Ikiwa baada ya mwezi mmoja bado wananyonyoana, rudi mwanzo wa karatasi hii, ukague tena kwa taratibu: nafasi, kazi, chakula, chumvi, mwanga, wadudu, wageni. Moja kati ya hayo bado lina upungufu. Kama kuku wanakohoa, wanapinda shingo, wanaharisha kijani au wanakufa kwa kufuatana, hilo ni jambo jingine. Peleka habari kwa Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.

Na majira ya kupanda yajapo tena, usingoje. Wiki moja kabla ya kufungia, kusanya makapi na maranda, anika dagaa au kumbikumbi, jenga ua, hesabu fito. Siku ya kuwafungia kuku wako iwe siku ambayo kila kitu kiko tayari. Jirani atavuna mahindi yake, nawe utaokota mayai yako, na hakuna kuku atakayelipa kwa ngozi yake gharama ya amani yenu.